Trekta la Makaburini na Siku ya Tope

Jumatano, 13 Mei

Leo nimeona kitu. Naandika kabla sijavua viatu.

Nilikuwa makaburini, safu ya sita, nakata nyasi kama ninavyozikata kila Jumatano kwa miaka ishirini na miwili. Mwendo wa maili tatu kwa saa. Trekta dogo la kanisa linakohoa, mimi juu yake, kofia kichwani, wazo hakuna. Mara ngurumo kutoka upande wa mtaro, kule kwenye shamba la maharage. Nikageuka.

Bernice Gohl! Miaka sabini na mmoja! Aliyekuwa dereva wa basi letu la shule! Yuko juu ya trekta la kukatia nyasi kama hili langu, baba mmoja mama mmoja, ila lake limenyanyuliwa juu, matairi ya nyuma yana meno marefu kama vidole, na bomba la moshi limesimama wima mbele ya uso wake. Akaingia mtaroni. Mtaroni ndani! Maji na tope vikapanda pande zote mbili kama mabawa. Mabawa ya kahawia, na jua likapita katikati yake. Nilisahau kufunga mdomo.

Akaniita kwa jina la ukoo: "Schramm! Bado uko gia ya kwanza?"

Akatoweka. Tope likaendelea kunyesha juu ya mawe ya makaburi hadi nikahesabu nne.

Nilizima injini nikakaa tu. Hasira sikuwa nayo. Nilijiona kama mtu aliyetolewa pamba masikioni. Miaka ishirini na miwili nimelikalia jambo hili na sikujua nimekalia nini!

Siku ya Tope, mashindano ya matrekta kama lile matopeni, ni tarehe 23, nyuma ya kituo cha zimamoto. Bernice ameshinda miaka tisa mfululizo. Jina lake limeandikwa ubaoni mara tisa, hata mchoraji haulizi tena herufi.

Nina mpango.

Alhamisi, 14 Mei

Mpango ni huu. Trekta la kanisa ndilo trekta pekee nililo nalo. Jumatatu tarehe 25 ni Siku ya Kumbukumbu: kata nzima itakuja makaburini, bendera ndogo zitachomekwa kwa kila askari, majina yatasomwa. Nyasi lazima ziwe fupi. Sawa. Nafungua visu vya kukatia leo, nabadilisha trekta, nashindana Jumamosi ya 23, narudisha visu Jumapili asubuhi, nakata nyasi Jumapili mchana. Hakuna atakayejua. Nimeupitia mara tatu. Hauna tundu!

Mchungaji Tietz nimemwambia trekta linasumbuliwa na kifua. Kasema ataliombea. Mtu mwema sana.

Mke wangu Darlene nimemwambia nalifanyia matengenezo ya kawaida. Kauliza matengenezo gani ya kawaida yanahitaji matairi mapya yafichwe chini ya nguo chafu. Nikasema ni ya akiba.

Ijumaa, 15 Mei

Nimekwenda kumpeleleza Bernice. Kisingizio: pai ya Darlene, ile anayoipika kwa yale mabua mekundu machachu ya bustanini. Nilitegemea anipokee mlangoni, mimi nichungulie banda kwa pembe ya jicho.

Hakunipa nafasi ya kupeleleza. Alinishika mkono akaniingiza bandani mwenyewe!

Banda lile. Sijui niandikeje. Spana zimepangwa ukutani kwa ukubwa, kila moja imechorewa kivuli chake kwa rangi nyeupe. Sakafu unaweza kulia chakula. Na katikati, chini ya shuka ya kitanda iliyofuliwa, trekta lenyewe. Alivuta shuka. Nikavua kofia. Sikukusudia, mkono ulikwenda wenyewe.

Akanieleza kila kitu kwa saa nzima huku anakula pai. Puli ya injini, lile gurudumu la kuzungushia mkanda, iwe kubwa, puli ya gia boksi iwe ndogo, basi mwendo umeshaupata. Mkanda ukingwe na maji, maana mkanda ukilowa unateleza. Plagi ipakwe grisi. Hewa ivutwe kwa bomba la juu. Kisha akaninyooshea uma: "Difu, ile gia ya katikati ya magurudumu ya nyuma, usiichomelee, mwanangu, utashindwa kukata kona. Na gavana usiiguse kabisa. Ile ndiyo inayoizuia injini isikimbie hadi ijiue."

Nikamwambia, "Asante, Bi Bernice." Sikuweza kumwita vinginevyo. Nilikaa kiti cha tatu kushoto kwenye basi lake kwa miaka minane.

Njiani nimetafakari. Mtu gani humpa mpinzani siri zake zote, bure, anatabasamu? Mwongo, nani mwingine! Alichosema usifanye ndicho kinachomshindisha. Nitachomelea difu. Na gavana nitaing'oa. La puli nimelikubali, kwa sababu nilikuwa nimeshalifikiria mwenyewe.

Jumamosi, 16 Mei

Kazi imekwenda vizuri ajabu. Matairi ya meno yamekaa. Ekzosi imesimama wima. Difu nimeichomelea, sasa magurudumu ya nyuma yote mawili yanazunguka kama kitu kimoja. Puli kubwa nimeipata mahali fulani. Sitaandika wapi, daftari hili huachwa mezani.

Alasiri nimejaribu kwenye uwanja wa kuegesha magari wa kanisa. Nimeweka gia ya tano, nikaachia kanyagio la klachi. Lilichupa! Upepo usoni! Chozi likanitoka kwenye jicho moja, la kulia. Nikazungusha usukani kushoto ili nizunguke uwanja.

Usukani ulikwenda kushoto. Trekta halikwenda kushoto.

Limepita katikati ya ua wa maua ya zambarau, likaangusha lile bao la matangazo la kanisa lenye herufi za kubandika, likasimama. Breki sikuzikuta. Kwa mwendo mpya breki za zamani ni kama kulisihi tu.

Nimesimamisha bao na kuokota herufi. Zilikuwa nyingi kuliko nilivyodhani. Nimebandika nilivyoweza.

Jumapili, 17 Mei

Mvua usiku kucha. Ibada saa tatu. Watu walikuwa wamekusanyika mbele ya bao la matangazo, vichwa wameinamisha upande. Bernice alijaribu kulisoma kwa sauti akashindwa kwenye neno la kwanza.

Mchungaji kasema labda ni upepo. Nikasema ulikuwa upepo mkali sana, mimi mwenyewe niliusikia. Basi akaongeza sala ya kuomba tukingwe na dhoruba. Nimesema amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Baadaye kauliza habari za nyasi, kwa upole. Nikasema mgonjwa anaendelea vizuri. Nilipotoka nikatupa jicho makaburini. Nyasi zimefika kwenye kifundo cha mguu. Zinakua kwa namna ya kustaajabisha!

Jumanne, 19 Mei

Darlene amejua. Mashine ya kufulia iliunguruma bila kuzunguka, akafungua nyuma yake na kukuta puli haipo. Alitembea moja kwa moja hadi banda la kanisa. Sikusikia hatua zake. Nilikuwa nimelala chali chini ya trekta, naing'oa gavana.

Aliinama. Kisha akauliza kama ile inayong'aa pale chini ni puli yake. Nikasema ni yetu sote.

Hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu. Akasema: "Norbert. Mama yangu yuko safu ya nne. Jumatatu jina la mwanawe litasomwa, yule kaka yangu aliyeenda jeshini asirudi hai, nao wamelala pamoja. Mimi nitasimama pale nimevaa gauni la bluu. Nikikuta majani yamewafunika, wewe utalala kwenye hilo trekta lako mpaka theluji ianguke."

Nikaapa. Nikamweleza mpango wote, hatua kwa hatua. Akaniuliza mvua ikinyesha Jumapili je. Nikasema haitanyesha. Akaniuliza nimejuaje.

Mpango una tundu moja. Dogo.

Alhamisi, 21 Mei

Jaribio la mwendo, barabara ya changarawe, iliyonyooka maili mbili. Darlene alinifuata kwa pikapu ili asome kasi. Alikubali kwa sharti moja: ashuhudie mwenyewe jinsi nitakavyovunjika.

Bila gavana injini haiungurumi. Inaimba! Sauti inapanda, unafikiri imefika, nayo inapanda tena. Changarawe zikaruka. Nguzo za umeme zikaanza kunijia kama watu wanaokimbilia habari. Nilihisi kiti kinaniacha. Kunguru aliyekuwa anaruka kando yangu alikata tamaa, nikampita. Nimempita ndege!

Niliposimama (kwa kuzima injini na kungoja) Darlene alishuka, uso mwekundu. Nikajua nimekwisha. Akasema maili thelathini na nane kwa saa. Akarudia. Kisha akacheka, akashika boneti ya pikapu akacheka hadi akakaa chini kwenye majani. Sijamwona akicheka vile tangu tulipofunga ndoa na meza ya keki ikaanguka.

Kisha akafuta macho akasema gauni la bluu liko pale pale.

Jumamosi, 23 Mei

Naandika nimekaa juu ya gazeti, Darlene kanikataza kiti.

Siku ya Tope. Zimamoto walikuwa wamemwagilia shamba lile siku mbili. Hatua mia mbili za uji mweusi, unang'aa kama chokoleti, na katikati shimo ambalo mwisho wake haujulikani. Watu wamejaa ukingoni na vikombe vya kahawa na saladi ya viazi. Kila mashine ilipowashwa ardhi ilitikisika nami nikatikisika nayo. Nilitazama foleni ile ya matrekta, kumi na mawili, kila moja limewahi kuwa kitu cha mzee kukatia nyasi Jumamosi. Nikawaza, Mungu wangu, wanadamu tunaweza mambo.

Mzunguko wa kwanza nikapangwa na bwana mmoja kutoka mji wa jirani. Mkanda wake ukakatika mwanzoni kabisa. Nimeshinda! Wa pili nikapangwa na mtu aliyezama shimoni hadi kwenye mifuko ya shati. Nimeshinda tena! Katika kwenda moja kwa moja difu iliyochomelewa ni kitu cha ajabu. Nikajua Bernice alikuwa ananidanganya.

Fainali: mimi na yeye. Amevaa miwani ya kuchomelea na kilemba cha maua. Akainama upande wangu akanipigia kelele kupita injini zote mbili: "Gavana hukuigusa, sivyo?"

Nikatabasamu kijanja. Akatikisa kichwa.

Bendera ikashuka.

Nataka kuandika sekunde tisa zile vizuri, kwa sababu ni zangu. Nilimwacha! Bernice Gohl alikuwa nyuma yangu! Nikaingia shimoni na tope likasimama pande zote kama kuta za kanisa, likaziba mbingu, na ndani yake kukawa na mwanga wa rangi ya asali. Sikusikia injini, sikusikia watu. Nilikuwa peke yangu mahali ambapo sijawahi kufika, na mahali pale palikuwa pazuri. Nilipiga kelele. Darlene anasema nilikuwa naita jina lake. Inawezekana.

Kisha mlio. Si mkubwa. Kama mtu aliyeangusha sufuria chumba cha pili.

Konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, ulitoka ubavuni mwa injini. Ulitoka nje! Nilishuka, tope hadi kiunoni, nikachungulia tundu. Kidole gumba changu kiliingia. Niliona ndani ya injini kwa macho yangu mwenyewe, vyuma vimekaa pale vinatoa moshi, vizuri mno, na vimekufa.

Bernice alimaliza wa kwanza, bila shaka. Kisha akageuka, akarudi na mnyororo, akaufunga mwenyewe. Sikuweza kumtazama. Akasema tu: "Sekunde tisa zile, mwanangu. Kwa miaka tisa sijaona mgongo wa mtu."

Jumapili, 24 Mei

Mvua. Nyasi za makaburini zimefika gotini. Mawe madogo hayaonekani kabisa.

Nimekwenda kwa Mchungaji kabla ya ibada. Nimekiri yote: trekta, ua wa maua, bao la matangazo, upepo. Nililia kidogo kwenye habari ya upepo. Akanipa kikombe cha kahawa. Kumbe alijua tangu siku ile. Upepo, alisema, hauachi alama za matairi yenye meno. Aliendelea kuomba dhidi ya dhoruba akijua dhoruba ni mimi.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema alikuwa anataka kuona kama nitashinda.

Kwenye matangazo akawaambia watu hali ilivyo, bila kutaja jina. Vichwa vyote vikanigeukia. Darlene alikuwa anatazama mbele tu. Leo nalala bandani. Nimeletewa blanketi, lakini limerushwa.

Jumatatu, 25 Mei

Siku ya Kumbukumbu. Niandike polepole.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa makaburini na fyekeo la babu. Safu ya nne kwanza. Nilikuwa nimemaliza makaburi manne kati ya mia mbili na kumi na mawili, nikasikia ngurumo barabarani. Nikainua kichwa. Walikuwa wanakuja wote! Watu wa tope! Mashine kumi na moja kwa mstari, taa zimewashwa, Bernice mbele, yule bwana wa mji wa jirani akiwa na mkanda mpya. Machozi yalinitoka, safari hii macho yote mawili. Wakaingia langoni, wakazima injini, wakashuka, wakatazama nyasi. Kisha wakatazamana.

Hakuna hata mmoja mwenye visu. Matrekta kumi na moja ya kukatia nyasi, yaliyo na kasi kuliko yote katika wilaya, na hakuna hata moja linaloweza kukata unyasi mmoja! Bernice ndiye aliyeanza kucheka.

Kisha akaniuliza visu vya trekta la kanisa viko wapi. Ukutani, nikasema, vizima kabisa. Akalala chali kwenye nyasi zenye umande, miaka sabini na mmoja, akaanza kunitajia namba za spana nami nikampa. Matundu ya boliti yalilingana, moja baada ya jingine. Dakika arobaini. Trekta lililoshinda miaka kumi likawa na visu tumboni.

Shida moja. Gia yake ya chini kabisa ni mwendo wa mtu anayekimbia.

Basi tukakimbia! Mimi mbele, nang'oa bendera na vyungu vya maua kabla hajafika. Bernice nyuma yangu, nyasi zikiruka kama maji. Darlene nyuma yake, gauni la bluu limekunjwa hadi magotini, anarudisha bendera na vyungu. Wengine wakakata pembeni ya mawe kwa mikasi, watu wenye mikono kama koleo wamepiga magoti wanapunguza nyasi kama vinyozi. Mchungaji alishika reki. Nyuma yetu majina yakaanza kutokea, moja moja, kana kwamba watu wanarudi nyumbani. Sijawahi kuona makaburi yale. Nimeyatunza miaka ishirini na miwili na sijawahi kuyaona.

Safu ya tisa Bernice alizima injini. Akashuka, akatoa mkasi mfukoni, akakata mwenyewe kuzunguka jiwe la mumewe Emil. Tukasubiri wote, hakuna aliyeambiwa. Alipomaliza akalipiga jiwe kofi dogo, kama mtu anavyopiga bega la rafiki. Akaniambia: "Huyu ndiye aliyenifundisha puli. Naye gavana aliing'oa, mwaka wetu wa kwanza. Mjinga kama wewe." Akapanda akawasha.

Tulimaliza saa nne kasoro dakika tano. Mistari imepinda kama nyoka na maua ya watu wengi yako kwa majirani zao. Lakini saa nne walipokuja, nyasi zilikuwa fupi. Jina la shemeji yangu likasomwa. Darlene alisimama na gauni lenye majani mabichi hadi kiunoni, akanishika mkono. Hakuuachia hadi jina la mwisho.

Jumatano, 27 Mei

Baraza la kanisa limekaa jana. Hawakunifukuza. Nimeapa mbele ya wazee sita, nimetia sahihi karatasi: sitabadilisha, sitaongeza, sitapunguza chochote katika mashine yoyote ya kanisa. Nimeapa kwa moyo wote. Mimi ni mtu mpya. Nimelala kitandani mwangu, nimerudisha puli, nguo zinazunguka.

Mpaka tupate trekta jingine, Wakatoliki wa parokia ya jirani wametuazima mashine yao. Imeletwa leo asubuhi ndani ya gari, imefunikwa. Lazima irudi Jumamosi, safi, kama ilivyokuja. Padre mwenyewe alinikabidhi ufunguo kwa mikono miwili. Nikamhakikishia.

Nimekata nyasi safu mbili. Taratibu. Kama mtu aliyebeba mayai.

Halafu nikaitazama vizuri. Haina usukani! Ina mikono miwili, wa kushoto na wa kulia, na kila gurudumu lina akili yake. Inageuka papo hapo iliposimama, kama mcheza dansi. Nikasoma kibandiko. Nguvu za farasi ishirini na tano. Farasi ishirini na tano! Wamefungiwa mle ndani wanatembezwa kama wagonjwa! Wakatoliki hawajui walicho nacho.

Na nikumbuke, karatasi ile inasema mashine ya kanisa. Kanisa letu. Nimeisoma mara mbili.

Sijafanya kitu. Nimefungua mfuniko tu, nitazame. Boliti tatu zimetoka kwa urahisi. Darlene anaita, supu iko mezani inapoa.

Nimejibu naja. Spana namba kumi na tatu iko wapi?